Kapita na Vitanda vya Pongo

Kapita hakuwa mtu mwema, na sitaki mtu asome haya akadhani namsafishia jina. Siku ya kwanza kumwona alikuwa ameshika panga lenye damu, na mbwa aliyekatwa shingo alikuwa anatapatapa katikati ya maharage yangu. Sikuwahi hata kupiga kelele.

"Imbwa ya nani?" akaniuliza.

"Sijui, Mzee."

"Kama ni ya kwako, sema sasa."

Nikasema si yangu. Akapangusa panga kwenye majani ya maharage, maharage mazuri yaliyokuwa yanaanza kutoa maua, akarudi juu msituni bila kuaga. Tulikuwa tumevuka mpaka na kuhamia Gitambi siku chache tu kutoka Bukavu, Congo, nilikokulia. Jioni nilimwambia mume wangu kwamba jirani yetu ni shetani. Mume wangu akasema shetani angeaga.

Watu wote walimwita Kapita, yaani mnyapara, hata padri. Alikuwa msimamizi wa msitu mdogo uliopanda kilima juu ya shamba letu, na kabla ya hapo alisimamia wafanyakazi kwenye mashamba ya kwinini upande wa Congo, ambako nasikia aliogopwa kuliko ugonjwa wenyewe. Kilima chenyewe ni kikali. Mbuzi akifika chini yake anasimama kwanza, anafikiri. Msitu ulikuwa mali ya mjane mmoja anayeishi Kamembe, na watoto wake wa kiume walikuwa wameutolea macho siku nyingi: walitaka ukatwe wote, ipandwe mikaratusi ya nguzo. Mjane hakutaka. Alipoolewa, asubuhi alikuwa akisikia pongo analia pale juu, na mumewe alikuwa akiacha chai yake ipoe ili asikilize.

Pongo ni swala wa msituni, rangi ya udongo mwekundu, ana madoa meupe ubavuni, na dume lina pembe zilizojisokota. Anaishi peke yake, anajificha mchana, na akishtuka anabweka kama mbwa aliyeshikwa na kikohozi. Kwetu walikuwa wamekwisha. Mjane akawaambia watoto wake mbele ya Kapita: nikisikia tena kilio cha pongo kwenye kilima changu, hakuna mti utakaokatwa. Nisiposikia mpaka mvua kubwa zirudi, fanyeni mnavyotaka. Maneno hayo Kapita aliyabeba mgongoni tangu siku hiyo, na sisi tuliokuwa karibu naye tuliyabeba pamoja naye, tupende tusipende.

Jambo la kuchekesha, au la kukasirisha, ni kwamba pongo wa mwisho aliliwa na Kapita mwenyewe. Alikuwa mwindaji katika ujana wake, na hakulificha.

"Ile ya mwisho ni miye nilikula," aliniambia akiwa anachokoa meno. "Ilikuwa na mafuta. Sasa batakuya bengine, na hakuna muntu atakula."

Nilimuuliza kama anajuta. Akanitazama kama nimemuuliza kitu cha kizungu. Hakuwapenda wanyama. Aliwatupia mbuzi mawe, alimpiga kuku wangu teke, na nyama alikula kama mtu aliyetumwa kuimaliza. Kanisani alipiga magoti mpaka mwisho, macho yamefumbwa, midomo inatetemeka, na akitoka nje anauliza kwa sauti ni nani ameonekana karibu na msitu wake. Jumapili moja alianza kupigana mlangoni pa kanisa kabla kwaya haijamaliza wimbo. Mimi nilikuwa kwenye kwaya hiyo. Tuliendelea kuimba.

Kazi yake ilikuwa kutandika vitanda. Alisema pongo haji mahali kwa ajili ya chakula tu, anakuja akipata pa kulala. Basi chini kidogo ya mgongo wa kilima, pale ambapo mteremko unapumua, alichimba vijiwanja vidogo, kila kimoja cha kumtosha mnyama mmoja kujikunja. Nyuma yake aliacha shina kubwa au jiwe. Mbele na pembeni alilaza miti. Hakuiangusha. Aliukata mti nusu, akaacha ngozi ya upande mmoja, akausukuma kwa bega mpaka ukalala huku unaguna, nao haukufa. Uliendelea kuchipua ukiwa umelala, majani yakawa ukuta. Vichaka na miiba aliviacha vijae, akafungua tu kijia cha kukimbilia upande wa pili.

Akimaliza, alilala humo mwenyewe. Hilo lilinishangaza kuliko damu ya mbwa. Mzee mzima, mwenye mikono kama mizizi, analala kwa ubavu kwenye udongo, magoti yamekunjwa, pua juu ananusa upepo. Kama alikuwa haoni njia ya watu kule chini, au upepo haukumfikia kutoka nyuma, aliamka anatukana, akakivunja kitanda kizima, akaanza upya.

Mara moja nilipanda kumpelekea viazi akiwa amelala hivyo. Nilidhani amekufa.

"Shuka," akasema bila kufumbua macho. "Uko unanuka sabuni. Mpaka kesho hakuna nyama itapita hapa."

"Nyama yenyewe iko wapi, Papa?"

"Weye weka viazi, ushuke."

Sasa fikiria mambo hayo katika nchi yetu, ambako mwanamke akiona tawi kavu anainama kabla hajajua ameinama. Msitu uliojaa miti iliyolala! Watu walidhani Kapita amerukwa na akili, anaharibu kuni huku wenzake wanapikia mabua. Wakaanza kuja. Na yeye akaanza kupiga. Aliwapiga kwa fimbo, kwa bapa la panga, kwa chochote kilichokuwa mkononi. Alimfukuza mwanamume mmoja mpaka ndani ya nyumba yake na kumpigia chini ya kitanda. Wachoma makaa waliokuja na misumeno aliwaporomoshea mawe kutoka juu, na jiwe moja lilitoboa ukuta wa jiko langu.

Mume wangu naye hakupona. Alikata tawi la umusave, mti uliolazwa mbele ya kitanda kimoja karibu na shamba letu, kwa sababu tulikuwa hatuna kuni na mvua ndogo zilikuwa zimekaza. Tawi moja. Kapita alimkuta nalo begani, akalipiga bega lile lile kwa kigongo, nikausikia mfupa ukivunjika nikiwa jikoni. Nilitoka na mpini wa jembe. Sikusema salamu. Nilimpiga Kapita mgongoni, akageuka, nikampiga tena kwenye paja, na nilipoinua mara ya tatu akaukamata mpini, akaushika tu, hakunirudishia. Damu ilikuwa inamtoka kwenye sikio, sijui kwa pigo gani. Nilikuwa nalia kwa hasira.

"Bukavu banafundisha banamuke vizuri," akasema.

Tangu siku hiyo alinisalimia. Aliniita Maman Bukavu, akipita aliniachia asali kwenye jani la mgomba. Mume wangu, ambaye bega lake halikurudi sawa, hakuigusa asali hiyo. Nami niliila mbele yake, Mungu anisamehe, ilikuwa tamu.

Wale aliowachukia kweli walikuwa wawindaji wa upande wa pili wa kilima, waliotembea na mbwa waliofungwa kengele shingoni. Kila mbwa aliyemuua, kengele yake aliitundika mlangoni kwake, na upepo ukivuma nyumba yake ililia kama kundi linalokuja. Nilimwambia hilo halipendezi. Akasema si la kupendeza. Siku moja walimvizia bondeni, wakamvunja taya kwa mti wa mkuki. Alipofika kwangu mdomo ulikuwa umeenda upande, na mkononi ameshika kipande cha sikio la mtu. Alikitupa kwenye majivu yangu, akaomba maji. Tangu hapo alizungumza kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, na akikasirika maneno yalitoka kama kubweka. Nilimtania kwamba sasa hatuhitaji pongo, tunaye yeye. Alicheka mpaka taya likamuuma, akanitukana kwa kumchekesha.

Kisha pongo akaja.

Kapita alinishika mkono shambani, akanivuta kupanda kilima, mkono ukauma siku nzima. Kwenye kitanda kimoja cha juu nyasi zilikuwa zimelala kwa duara, na pembeni kulikuwa na nyayo mbili ndogo, zilizochongoka, kwenye udongo laini.

"Jike," akanong'ona. "Angalia miguu ya nyuma inafunguka. Iko na mimba."

Nikamwona uso. Sijawahi kuona uso wa mtu ukifurahi kwa shida namna ile, kama furaha ilikuwa inapita mahali palipoumizwa. Nami nilifurahi, nakiri, nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Ilibaki tu jike lile lizoee, lizae, liwe na la kubwekea, na mjane aje alisikie. Mvua kubwa zilikuwa bado mbali.

Furaha hiyo ilimfanya awe mbaya zaidi. Alilala msituni mchana kutwa, akamkuta mtu anatega mtego wa waya, wakashikana, wakaporomoka wote mpaka kwenye kijito. Yule alivunjika mkono, Kapita alivunjika mguu mahali pawili. Tulimbeba kwa machela mpaka barabarani, akapelekwa hospitali, Gihundwe. Njia nzima alituamuru sisi wabebaji tusikanyage hapa, tusikanyage pale.

Nilikwenda kumwona na chakula kila nilipopata nafasi, na ndivyo nilivyokosa umuganda wa mwezi ule. Asubuhi hiyo ya Jumamosi, watu wote walipotoka na majembe kwa kazi ya pamoja, mimi nilikuwa kando ya kitanda chake nikimlisha uji kwa kijiko kwa sababu ya taya.

Chef wa umudugudu wetu, mkuu wa kijiji, ni mtu mzuri, nasema bila kejeli. Aliwaza: mzee wetu yuko hospitali, msitu wake umejaa vichaka na miti iliyoanguka, tumsaidie. Wakapanda wote, wanaume kwa wanawake, wakiimba. Hata wale aliowapiga walipanda, na nadhani hilo ndilo linalouma zaidi, kwamba walikuwa wamemsamehe. Walifyeka vichaka. Walikata kila mti uliolala wakaupanga katika mafungu mazuri. Walisawazisha vile vijiwanja. Walifagia. Wananchi wa nchi hii ukiwaambia wasafishe kitu, kinasafishika. Halafu kila mmoja akabeba fungu lake la kuni nyumbani, kwa haki kabisa.

Niliporudi mchana nilikuta kilima kimenyolewa. Chef alisimama kwenye njia, jasho linamtiririka, anatabasamu.

"Maman, utamwambia Mzee. Tumemusafishia yote. Iko propre!"

Nilikaa chini pale pale njiani. Alidhani nimeguswa, akaniletea maji.

Kesho yake watu walipokuwa kanisani tulisikia kengele za mbwa. Jike lilikuwa limerudi kulala kwenye kitanda chake kisichokuwepo tena, wazi kabisa, kila mtu anaweza kuliona kutoka bondeni. Nilikimbia. Nilifika nikaona mbwa wamelivuta chini, wanararua tumbo, na mwindaji anawachapa ili apate naye chake. Ndama alikuwa nje tayari, ana unyevu, madoa yake meupe yanaonekana. Mbwa mmoja alimchukua akakimbia naye. Nilirusha mawe, nilipiga kelele ya kuvunja koo. Mwindaji hakukimbia. Alifunga mzigo wake taratibu, akaniambia niende zangu, kwa heshima, akaniita mama.

Mimi ndiye niliyempelekea Kapita habari. Sikuweza kumtuma mtu mwingine. Nilimwambia yote kwa mpangilio: umuganda, kuni, mbwa, ndama. Alisikiliza akiwa ametulia. Kisha akapiga sahani ikaenda ukutani, akang'oa kamba iliyoushika mguu wake, akaanguka sakafuni akaanza kutambaa kuelekea mlangoni. Wauguzi wawili na mimi hatukutosha. Aliniuma mkono. Mwishoni alilala uso chini, akalia kwa sauti wodi nzima ikanyamaza.

Alipotoka hospitali, ana mikongojo miwili na panga limefungwa kwenye mmoja, tulijua anakwenda kwa chef. Watu walifunga milango. Mume wangu akasema leo mtu anakufa. Nilimfuata kwa nyuma, nilimsihi, hakunisikia. Chef alitoka uani, akamwona, hakukimbia na hakuchukua kitu mkononi.

Kapita akampita. Akaingia kwenye shamba la migomba nyuma ya nyumba, migomba mizuri, mingine imebeba mikungu, akaanza kukata. Alikata akiegemea mkongojo, akaanguka, akaamka, akakata. Maji ya migomba yalimlowesha mpaka kifuani. Mke wa chef alikuwa anapiga mayowe, chef amemshika mkono. Kapita hakuacha hata mche. Alipomaliza akasimama mbele ya chef, anahema, taya linatetemeka.

"Nimekusafishia," akasema. "Iko propre."

Akaondoka. Chef hakumshitaki popote. Umuganda uliofuata alitupandisha tena kilimani, na Kapita alikaa kwenye kigoda chini ya mteremko akiamuru kwa matusi ni mti gani ulazwe na upande gani, na aliyekosea alirushiwa mkongojo, kisha akaamriwa aurudishe. Tulichimba vitanda vyote upya. Mume wangu alichimba kwa mkono mmoja kile cha umusave. Mti wenyewe ulikuwa umekatwa kabisa, limebaki shina, linaanza kuchipua.

Lakini miti iliyolazwa leo haifuniki kitu kesho, na mvua kubwa zilikuja. Mjane akaletwa na watoto wake kwa gari mpaka chini, wakamwekea kiti barabarani. Walikuwa na msumeno wa injini. Nilipanda kumwambia Kapita, maana asubuhi aliomba tumpeleke juu, tukamwacha amelala kwenye kitanda kimoja cha pongo. Nilimkuta kwa ubavu, mikongojo pembeni.

"Lala," akasema.

Nikalala nyuma yake. Na kwa mara ya kwanza niliona alichokuwa anaona: jiko langu, njia, barabara, kile kiti chenye mwanamke mdogo mwenye mavazi meusi ya kanisani, na wanaume wanaopanda na chuma. Nikajikunja zaidi nyuma ya mgongo wake.

"Unaogopa?"

"Naogopa, Papa."

"Ni vizuri. Sasa uko pongo."

Akavuta pumzi, akabweka. Kwa lile taya lililovunjwa, ilitoka sauti kavu, ya kikohozi, iliyopasuka. Kule chini wanaume walisimama. Akataka kurudia, taya likajifunga, mate yenye damu yakamtoka. Akanikamata shingo kwa mkono ule uliopasua mbwa.

"Bweka, Maman."

Mimi, mama wa watu, mwanakwaya. Nilibweka. Nilibweka vibaya kwanza, akanifinya, nikabweka tena kutoka tumboni. Na kule chini mjane akasimama kutoka kwenye kiti chake, akainua mkono, na msumeno haukuwashwa.

Tangu siku hiyo mjane huja mara kwa mara, anakaa, anasikiliza. Kapita hawezi tena kupanda, mguu ulikataa, analala nyumbani chini ya zile kengele. Ninayepanda ni mimi. Siku ya mjane kuja siogi kwa sabuni. Nalala kwa ubavu, naangalia chini, nabweka. Mume wangu ananicheka, lakini ndiye anayenipa ishara gari likifika.

Juma lililopita nilikwenda kwenye kitanda cha umusave, kwa sababu machipukizi yamejaa na yananificha vizuri. Nikakuta nyasi zimekwisha kulaliwa. Duara, lenye joto bado nilipoweka mkono. Kwenye gome kulikuwa na nywele nyekundu, na moja nyeupe. Nilizichukua. Nikaenda kubweka kwenye kitanda kingine, mbali, kwa sauti ya chini.

Mjane alipoondoka nilikimbia mpaka kwa Kapita. Nilizitia nywele zile kiganjani mwake. Alizisogeza karibu na jicho. Alizinusa.

"Ulitoa wapi?"

"Kitandani, Papa. Kimelaliwa."

"Uliweka mukono ndani?"

"Niliweka."

Mkongojo ulinipata kwenye mkono wa juu kabla sijaona ameuinua. Alinipiga mara ya pili, akiwa amelala chali, machozi yanamwingia masikioni, ananitukana mimi na Bukavu nzima. Mukono yako iko nafanya nini mule! Atanusa! Hatarudia! Nilisimama pale nikapigwa, na kama ningeweza ningekaa nipigwe mpaka jioni.

Nyumbani mume wangu aliona mkono umevimba. Akasimama, akatafuta fimbo kwa macho.

"Nani amekupiga?"

"Kapita."

"Juu ya nini tena?"

"Pongo amelala kule."

Akabaki amesimama. Kisha akakaa polepole, akanyoosha mguu.

"Kitanda gani?"

"Cha umusave."

Aliweka mkono kwenye lile bega lake, akalikanda kidogo, akaniuliza kama ile asali ya Kapita ilibaki.